Ng'ombe Mwenye Majina Mawili

Aprili 2024 mvua ilinyesha mpaka Kenya ikawa habari ya dunia. Sisi wa Gatongora tulikuwa na nafuu kuliko watu wa Mathare na Mai Mahiu. Wao walipoteza watu na nyumba, sisi tulipoteza barabara tu. Watu wa nduthi walikataa kuingia ndani ya mtaa, stima ikawa inarudi ikijisikia, na kazi zangu za kuandikia watu makala za mtandaoni zikalala. Nikachaji simu kwa jirani mwenye sola, nikajifunika blanketi, nikaanza kusoma kitabu cha rais wa Marekani.

Kitabu chenyewe ni African Game Trails cha Theodore Roosevelt, kilichotoka 1910. Nililisikia jina lake nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikisoma historia, kabla karo haijaniambia nirudi nyumbani. Ni kitabu cha uwindaji, kurasa mia kadhaa za mtu anayepiga risasi kila kinachopumua, na ningekiacha njiani kama si sura moja iliyonifanya nikae wima kitandani. Sura hiyo inatokea Kamiti.

Ukisema Kamiti leo, mtu anafikiria jela. Ilifunguliwa miaka ya 1950, na ndiko Dedan Kimathi aliponyongewa tarehe 18 Februari 1957. Lakini mwaka wa 1909 Kamiti lilikuwa jina la mto na la ranchi ya ng'ombe. Mwenye ranchi alikuwa mlowezi aliyeitwa Hugh Heatley. Roosevelt anatuambia ukubwa wake: ekari 20,000, kati ya mto Kamiti na mto Ruiru (yeye anauandika Rewero), urefu maili 17, upana maili 4 mahali palipo papana zaidi. Maili 17 ni kama kilomita 27. Ukipanda mathree pale Archives mpaka Ruiru, unashuka na ranchi ya Heatley bado haijaisha. Na mwenyewe alikuwa mkulima kweli, mtoto wa wakulima. Alikuwa na makundi makubwa ya ng'ombe wa kuboreshwa, mamia ya ekari za mimea, na kiwanda chake cha maziwa, siagi na mambo kama hayo.

Yaani hapa. Nchi hii hii ya kati ya mito miwili, ambayo sensa ya 2019 ilikuta mji wa Ruiru una watu zaidi ya 490,000, ambayo mimi nalipa nyumba ya chumba kimoja na landlodi ananitumia meseji tarehe mbili, ilikuwa malisho ya ng'ombe wa mtu mmoja.

Roosevelt alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 na mwanawe Kermit, wiki saba tu baada ya kutoka Ikulu ya Washington. Kwao ilikuwa majira ya kuchipua. Kwetu hayo majira hayapo. Huku hakuna theluji ya kuyeyuka. Tuna mvua ndefu, ambayo Wakikuyu wanaiita mvua ya njahi, kwa sababu ndiyo mvua ya kupanda njahi, yale maharagwe meusi yenye kope nyeupe ambayo mwanamke aliyejifungua lazima ayale. Mvua fupi ni ya mwere, ya mawele. Mwaka wetu ulipewa majina ya chakula. Roosevelt alizunguka nchi hii katikati ya mvua ya njahi: kwanza Kapiti, halafu Juja, halafu huku Kamiti kutafuta nyati.

Juja alikuwa mgeni wa Mmarekani mwenzake, William Northrup McMillan, yule jitu la mtu ambaye jina lake liko kwenye maktaba ya pale tao iliyofunguliwa 1931. Juja Farm nayo ilikuwa na ekari kama 20,000. Huko kulikuwa na simba kwenye vizimba na duma waliotembezwa kwa kamba kama mbwa. Sitakaa sana Juja. Watu wa Juja wanajitosha kwa hadithi.

Nyati wa Kamiti walikuwa wakiishi kwenye mafunjo ya mtoni. Mchana wanalala humo ndani, usiku wanatoka kula nyasi, alfajiri wanarudi. Heatley ndiye aliyewaongoza wageni wake. Nyati wakapigwa, ngozi zikachunwa na kutiwa chumvi, mzigo ukaanza safari ya kwenda jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington. Roosevelt anawataja wabeba bunduki wake kwa majina, Bakari na wenzake. Anamsifu mwenyeji wake. Anaeleza mafunjo, ndege, nyasi, mwanga wa asubuhi. Ni mwandishi mzuri, lazima niseme. Nilisoma sura hiyo mara tatu nikitafuta kitu kimoja tu, na sikukipata: nani aliamka kukamua?

Kwa sababu nyati au hakuna nyati, rais au hakuna rais, ng'ombe wa maziwa hangoji. Makundi ya ng'ombe ya Heatley yalikamuliwa asubuhi hiyo hiyo, kwa mkono, kabla jua halijatoka, na jioni yake yakakamuliwa tena. Hao waliokamua walikuwa na nyumba mahali fulani kwenye zile ekari 20,000. Nyumbani kulikuwa na moto, watoto, na mtu aliyekuwa anangoja unga.

Basi nikampigia shosho.

Mimi nimepewa jina la guka, mumewe, kwa hiyo shosho yangu haniiti mjukuu. Ananiita mume wangu. Aliponiita hivyo mbele ya marafiki zangu wa chuo walicheka mpaka wakalala chini. Anaishi Gatundu, ana ng'ombe wawili, anaongea Kikuyu na mimi namjibu nusu Kiswahili, na tunaelewana. Alizaliwa karibu 1942. Anajua kwa sababu mama yake alimbeba mgongoni wakati wa Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo ya 1943. Mpaka alipokuwa na miaka kumi na miwili hivi, aliishi kwenye ranchi ya mzungu si mbali na Kamiti. Si Heatley, ni miaka mingi baada ya Heatley na ni mzungu mwingine. Baba yake alikuwa mkamuaji.

"Ulikuwa unaamka saa ngapi wakati wa mvua?" nikamuuliza.

"Mimi? Mimi nilikuwa mtoto. Muulize baba yangu," akasema. Halafu akaniambia kila kitu, mpaka kredo ikaisha nikaomba okoa jahazi.

Saa tisa usiku kengele ya chuma ilipigwa. Haikuwa kengele hasa, kilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti, na mnyapara alikipiga kwa nyundo. Baba yake alilala na suruali ili asipoteze muda. Wakati wa kiangazi njia ya kwenda boma la kukamulia ilikuwa dakika kumi, lakini mvua ya njahi ikishika, udongo mweusi ulinata miguuni kama ugali, na dakika kumi zikawa nusu saa. Kwa hiyo mvua ilimnyang'anya usingizi hata kabla ya kumnyeshea. Alikuwa na gunia alilolikunja pembe moja ndani ya nyingine likawa kofia na koti. Hilo ndilo lililokuwa koti la mvua la wanaume wote.

Ng'ombe walikuwa wa kizungu, wakubwa, matiti kama vibuyu. Kitu kimoja babu yao wote hao wakamuaji alikishangaa, na shosho bado anakishangaa. Ng'ombe wetu wa asili, yule mwenye nundu, hatoi maziwa mpaka ndama wake awe karibu. Lazima ndama anyonye kidogo, ng'ombe ayaachilie, ndipo mtu akamue kilichobaki. Ni kama mkataba kati ya watatu. Ng'ombe wa mzungu alitoa bila kumwona mtoto. Ndama aliondolewa mapema, akawekwa kwenye kibanda cha ndama, akafundishwa kunywa kwenye ndoo. Mtu anatia vidole viwili ndani ya maziwa, ndama ananyonya vidole akidhani ni titi, kichwa chake kinashushwa pole pole mpaka mdomo uguse maziwa. Kazi ya kutia vidole ilikuwa ya watoto. Shosho alianza akiwa na miaka saba. Anasema ulimi wa ndama ni kama msasa, na wakati wa mvua, vidole vikiwa vimelowa tangu asubuhi, ngozi ilichubuka.

"Na usiku mama zao walikuwa wanalia," akaniambia. "Siku tatu. Siku ya nne wananyamaza."

Mvua ya njahi ndiyo ilikuwa msimu wenyewe wa maziwa. Nyasi zilichipua kwa wiki mbili, maziwa yakapanda, na kazi ikapanda nayo. Kila mkamuaji alikuwa na ng'ombe wake, kama kumi hivi, na idadi ya ndoo iliandikwa na karani. Ng'ombe aliyezoea kilo nane akitoa sita, unaulizwa zile mbili umezipeleka wapi. Jibu la kweli mara nyingi lilikuwa nyasi. Majani machanga yenye maji mengi humvimbisha ng'ombe tumbo upande wa kushoto, anakataa kula, na akichelewa kutibiwa anakufa amesimama wima saa moja iliyopita. Wanaume walijua kumnywesha mafuta na kumtembeza. Lakini maelezo hayo yalikuwa ya mnyapara kuamini au kutoamini. Kuna wavulana waliokunywa moja kwa moja kutoka titi, shosho hakatai. Kaka yake mmoja alikuwa fundi wa hilo. Alishikwa mara moja, na baba yao akakatwa mshahara wa siku ambazo shosho hazikumbuki idadi, anakumbuka tu kwamba mwezi huo hawakununua chumvi.

Maziwa yakishakamuliwa yalipita kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono inayotenga krimu. Krimu ilienda kwenye mikebe mikubwa, lori likaichukua, na kama lori limezama matopeni, wanaume walitolewa boma kwenda kulisukuma, kwa sababu krimu ikichacha bei inaanguka. Wakulima wa kizungu walikuwa na ushirika wao wa kuuza, Kenya Co-operative Creameries, ile KCC yenyewe, iliyoanzishwa 1925. Kilichobaki baada ya krimu kutoka, maziwa mepesi ya rangi kama ya samawati, kiligawanywa kati ya ndama, nguruwe na familia za wafanyakazi. Shosho alikuwa anatumwa na mkebe wa kilo mbili. Foleni ilikuwa nyuma ya kibanda cha nguruwe. "Nguruwe walipewa kwanza," anasema, bila uchungu wowote, kama mtu anayekuelekeza stage ya Githurai.

Posho ilikuwa ratili mbili za unga kwa mfanyakazi kwa siku, na zililetwa kwa wiki. Zilikuwa za mfanyakazi, si za watoto. Watoto walilishwa na shamba la mama. Kila familia ilipewa kipande cha kulima, na wakati wa mvua ya njahi mama yao alikuwa na kazi mbili kwa siku moja. Asubuhi alipalilia kwa mzungu, mchana alipanda kwake. Ndiyo sababu watoto walijipikia. Terere na managu zilijiotea kwenye mbolea ya ng'ombe karibu na boma, na msimu huo hakuna aliyelala njaa kabisa kabisa. Ukiniuliza shosho aliniambia nini kwa furaha, ni hicho: terere ya mbolea ya ng'ombe, majani makubwa kama sikio la ndama, yaliyochemshwa na yale maziwa ya samawati.

Kwa upande wa pili wa bustani kulikuwa na familia nyingine, ya Bwana. Shosho anawajua kwa madirisha. Taa ilikuwa inawashwa mapema siku za mvua, na kulikuwa na mtoto wa kike wa umri wake aliyevaa viatu vya mpira vyekundu. Hawakuwahi kuongea. Watoto wa kizungu wa nchi hii walikua wakaandika vitabu. Elspeth Huxley aliletwa Thika akiwa mtoto mdogo kabla ya Vita ya Kwanza, na kitabu chake cha 1959 kuhusu utoto huo kikafika mpaka kwenye televisheni. Sina shida nacho. Nasema tu kwamba kila nyumba ya utoto kama ule ilikuwa na mtu wa kutia vidole kwenye ndoo.

Hapa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mtu atauliza: kwa nini walikubali?

Jibu refu linaanza miaka ya 1890. Sotoka iliua ng'ombe Afrika Mashariki nzima, na mahali pengine karibu kundi lote. Ikafuata ndui, nzige, ukame, na ile njaa ya mwisho wa karne ambayo Wakikuyu waliipa jina Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa sababu iliingia pamoja na wazungu na reli yao. Wamaasai waliokuwa wakilisha mbuga za huku chini walibaki bila mifugo. Wakikuyu wa kingo walirudi juu milimani kwa ndugu zao, au walizikwa. Halafu wanakuja watu kuanzia 1902 na kusema, aa, ardhi iko tupu. Ilikuwa tupu kama nyumba ambayo wenyewe wamelazwa hospitali. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ikawezesha serikali kuwakodisha walowezi kwa miaka 99. Ya 1915 ikasukuma hadi miaka 999. Mkataba wa 1904 ukawahamisha Wamaasai.

Jibu fupi ni kodi. Kodi ya nyumba ililipwa kwa rupia, na rupia zilikuwa kwa mzungu. Kuanzia 1906 sheria ya mabwana na watumishi ilifanya kutoroka kazi kuwa kosa la jinai. Baada ya Vita ya Kwanza kikaja kipande, kile cheti kwenye kikebe cha bati ambacho mwanamume alikivaa shingoni. Na sheria ya 1918 ikasema Mwafrika anayeishi kwenye shamba la mzungu lazima amfanyie kazi siku 180 kwa mwaka. Kwa siku hizo unapewa mahali pa kujenga, kulima na kulisha mifugo yako. Mwanzoni wengi waliona ni biashara nzuri, kwa sababu ya hilo neno la mwisho. Nyumbani kwenye hifadhi ya Kikuyu malisho yalikuwa yameisha. Kwa mzungu nyasi zilikuwa hazina mwisho. Mtu alienda kukaa kwa mzungu kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe wake, si kwa ajili ya mshahara.

Miaka ya 1920, huko Bonde la Ufa, walowezi walianza kuwafukuza mifugo ya maskwota. Kampeni hiyo waathirika wenyewe waliipa jina la Kiswahili: kifagio. Nilikutana na neno hilo kwenye kitabu cha Tabitha Kanogo cha 1987 kuhusu maskwota na mizizi ya Mau Mau, na nikakaa nalo siku nzima. Kifagio. Hakuna mwanasheria angeliandika vizuri zaidi. Sheria ya 1937 ikamalizia kazi, kwa kuzipa halmashauri za walowezi nguvu ya kupunguza mifugo ya maskwota na kuongeza siku za kazi zikafika 240 na zaidi. Ndiyo maana baba ya shosho, aliyekamua ng'ombe kumi kila siku ya maisha yake, hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alikuwa na mbuzi wanne.

Sababu iliyotolewa ilikuwa kupe. Na kupe ni kweli. Wakati wa mvua wanapanda kwenye nyasi kwa maelfu, wanabeba ugonjwa wa ndigana, ule ambao wazungu waliuita homa ya Pwani ya Mashariki, na ng'ombe wa kigeni anakufa nao kwa wiki mbili au tatu. Ng'ombe wa asili akiupata akiwa ndama na akapona, anakuwa na kinga. Kwa hiyo mlowezi alichimba dipu, akaijaza maji yenye aseniki, na kila wiki kundi zima likaogeshwa humo. Shosho anakumbuka harufu. Anakumbuka pia kufungiwa nyumbani siku ya dipu mvua ikinyesha, kwa sababu maji yalimwagika yakaingia kwenye vidimbwi na mwaka mmoja mbwa walikufa. Ng'ombe wa Mwafrika akahesabiwa kuwa gari la kupe, akawekewa karantini, akazuiwa kupita, akafagiwa.

Lakini kumbuka nyati wa Heatley. Mwenyeji wa asili wa vijidudu vya ndigana ni nyati. Anavibeba bila kuugua. Kwenye ranchi ile ile ya ng'ombe wa kuboreshwa, nyati waliachwa kwenye mafunjo kama fahari ya shamba, wakala nyasi zile zile usiku, na mgeni mashuhuri akaalikwa kuwapiga. Sisemi Heatley alijua. Elimu hiyo ilikuja baadaye. Nasema mnyama aliyependwa na mlowezi hakuitwa mchafu.

Mwaka wa 1954, tena wakati wa mvua ya njahi, mambo yakaisha. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi kwa ile Operesheni Anvil, na mwaka huo huo ndipo Wakikuyu zaidi ya milioni moja walipoanza kukusanywa kwenye vijiji vya lazima, gichagi. Familia ya shosho iliambiwa asubuhi, baada ya kukamua. Hilo analisema kila mara: baada ya kukamua. Walingojwa wamalize ng'ombe. Halafu lori. Mama yake aliomba kung'oa njahi, ambazo zilikuwa na majani manne tu, hakuna cha kung'oa. Mbuzi wanne walibaki.

Tulipofika hapo kwenye simu shosho alinyamaza, halafu akaanza kunitajia majina ya ng'ombe. Wale kumi wa baba yake, na watatu wa jirani. Kila ng'ombe alikuwa na majina mawili. Mzungu alimpa moja, likaandikwa kwenye kitabu cha karani. Wakamuaji walimpa jingine, kwa rangi au tabia. Daisy ya kitabuni ilikuwa Nyange kwa wakamuaji, kwa weupe wake, kama wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe malishoni. Duchess alikuwa Njiru. Mmoja aliyepiga mateke aliitwa kwa jina la chifu fulani, silitaji kwa sababu wajukuu wake wako. Ng'ombe kumi na watatu, miaka sabini baadaye, bila kusita.

Majina hayo yana historia nyumbani kwetu. Sheria ilikuwa imefungua dirisha la kupeleka madai ya dhuluma za kihistoria za ardhi kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, na dirisha hilo lilikuwa linafungwa Septemba 2021. Baba mdogo akaamua tudai. Alikuja Gatundu na karatasi na kalamu. Nambari ya shamba? Shosho hajui. Jina kamili la mzungu? Alikuwa Bwana. Cheti chochote? Kipande cha baba yake kilizikwa naye. Una ushahidi gani basi, mama? Akamtajia ng'ombe.

Kilichotushinda hata hivyo si karatasi. Ni yeye. Baba mdogo alitaka aseme tulinyang'anywa, na shosho akakataa kuweka kidole. Alisema ile ardhi haikuwa yetu kabla ya mzungu. Ilikuwa ya ukoo mwingine, na chini zaidi ilikuwa ya Wamaasai. Sisi tulienda kukamua. "Nikisema ni yangu, mwenyewe akija nitamwambia nini?" Baba mdogo aliondoka bila kunywa chai. Mpaka leo wakikutana kwenye mazishi wanaongea kuhusu hali ya hewa. Mimi nilikuwa upande wa baba mdogo. Siku hizi sijui niko wapi. Mtu anaweza kudhulumiwa mahali ambapo si pake, lakini fomu haina sehemu ya kujaza jasho.

Baada ya uhuru ranchi na mashamba ya huku yalinunuliwa na watu wenye uwezo na kampuni za hisa. Moja iliitwa Githunguri Constituency Ranching Company, na watu wengi wanaoishi Kimbo na Mwihoko wako kwenye ardhi yake bila kujua kwamba mtaa wao ulianza kwa jina la ranchi. Guka naye alinunua hisa kwenye kampuni nyingine, jina nitaliacha, na ploti yake haikuonekana mpaka akafa. Cheti kiko kwenye Biblia. Juu kidogo ya kwetu mashamba ya kahawa yamekuwa Tatu City, ekari 5,000. Brookside wanapakia maziwa Ruiru hapa hapa tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo ng'ombe hawajahama, wamehama kutoka machoni tu.

Na si wote. Nyuma ya fleti yetu kuna mama anayefuga ng'ombe mmoja kwenye banda la mabati, Friesian, na sisi wapangaji tunanunua nusu lita jioni tukilalamika kuhusu inzi asubuhi. Wiki ya mwisho ya Aprili, stima ikiwa imepotea, aligonga mlango wangu saa nne usiku. Ng'ombe alikuwa anazaa na yeye alihitaji mtu wa kushika tochi. Nilishika tochi ya simu saa nzima, mvua ikipiga mabati mpaka hatusikilizani, nikaona miguu miwili ikitoka na pua katikati, kama picha ya kitabu. Ndama jike. Mama akamfuta pua kwa gunia.

Nikampigia shosho nikaweka spika. Aliuliza rangi. Aliuliza kama kondo limetoka. Halafu akataka kuongea na mwenye ng'ombe, si mimi, na walivyoanza Kikuyu cha haraka nikabaki nimeshika simu juu kama mlingoti. Nilichoshika ni kwamba shosho alimuuliza kama ndama ataondolewa, na mama akajibu kwamba banda ni moja, atamwondoa ampeleke wapi.

"Basi leo usikamue," shosho akamwambia. "Yale ya kwanza mazito mwachie yote." Halafu akaniambia nizime tochi, nitamaliza chaji.